Jinsi ya kununua, kupoza na kumimina mvinyo mwekundu wa Lebanon usiopitia pipa

Chupa ya kwanza ya mvinyo wa Lebanon niliyomfungulia mteja ilikataliwa mezani. Mvinyo haukuwa umeharibika. Nilikuwa mhudumu mgeni kwenye mkahawa wa Kilebanoni ndani ya hoteli moja Dubai, mwezi wa saba, na chupa ilikuwa imeshinda kwenye rafu iliyo karibu na mlango wa jikoni. Mzee niliyekuwa namhudumia aliishika tumboni kwa kiganja, kama mzazi anayempima mtoto, akaniambia, "Ya binti, huu una homa." Neno binti ni lao na ni letu, kwa hiyo lilinifika moyoni. Nikamjibu "samahani, ammo", nami hilo nilisikia kama ami ya kwetu pwani.

Akaomba ndoo ya barafu na maji. Tukangoja robo saa. Kisha akamimina kidogo kwenye glasi nyingine, akanisogezea ninuse. Mara ya kwanza, kabla ya barafu, pua yangu ilikuwa imepata ukali wa pombe tu. Sasa nilipata zambarau, cheri, na pilipili manga kwa mbali. Chupa ni ile ile.

Nilikaa pale miaka minne, na mvinyo ule, mwekundu, mchanga, wa zabibu zilizochanganywa na usiowahi kuingia kwenye pipa la mwaloni, ndio nilioupenda kuliko yote iliyokuwa kabatini. Hauna pipa la kuusetiri. Unachoufanyia kati ya duka na glasi chote huonekana, hasa ukiuachia joto. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu joto na muda. Nimeuandika kwa watu wazima wanaokunywa. Asiyekunywa, kwa dini au kwa hiari yake, simshawishi.

Kabla ya kununua: kilichomo chupani

Lebanon ni nchi ndogo yenye mizabibu ya zamani sana. Wafoinike, wale mabaharia wa Tiro na Sidoni wanaotajwa kwenye Biblia, walitengeneza mvinyo na kuupeleka ng'ambo ya Bahari ya Mediterania kwa mitungi. Kusini mwa Sidoni, mahali paitwapo Tell el-Burak, wanaakiolojia walifukua shinikizo la zabibu la karne ya 7 kabla ya Kristo. Limekandikwa lipu ya chokaa iliyochanganywa na vigae vya vyungu vilivyopondwa, ili juisi isipenye. Anayezijua nyumba za chokaa za Lamu au Mji Mkongwe ataona mara moja kwamba yule fundi alijua kazi yake. Nabii Hosea, katika sura ya 14, anautaja mvinyo wa Lebanon kama kitu ambacho sifa yake inajulikana na kila msikilizaji. Na mjini Baalbek, hekalu ambalo Warumi walimjengea Bacchus, mungu wao wa mvinyo, katika karne ya 2 baada ya Kristo, limesimama mpaka leo.

Baalbek iko katika Bonde la Bekaa, na zabibu nyingi za mvinyo wa Lebanon hutoka huko. Bonde limelala kati ya safu mbili za milima, karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Huo ni mwinuko unaokaribiana na ule wa Dodoma, kwenye zabibu zetu. Tofauti iko kwenye majira. Dodoma mzabibu haulali, ndiyo maana wakulima huvuna mara mbili kwa mwaka. Bekaa baridi na theluji ya milimani huulaza mzabibu, kwa hiyo mavuno ni mamoja tu, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba. Kiangazi jua huwaka siku nzima, lakini usiku hewa hupoa, na huo ubaridi wa usiku huizuia zabibu isipoteze uchachu wake wote. Ukionja mvinyo wa nchi ya jua ukaona bado unachangamsha mdomo, kumbuka zile usiku.

Utengenezaji wa siku hizi ulianzia kwa mapadri Wajesuiti waliokuwa Ksara, humo humo bondeni, mwaka 1857. Wao ndio wanaosifiwa kwa kuleta mche wa Cinsault, aina ya zabibu nyekundu, kutoka Algeria. Kiwanda cha mvinyo cha Domaine des Tourelles kilifuata mwaka 1868, na mwaka 1930 Gaston Hochar akaanzisha kingine, Château Musar. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1975 hadi 1990 havikuizima kazi hiyo. Musar walikosa kutengeneza mvinyo mwaka 1976, wakarudi. Hilo hunifanya niishike chupa ya Lebanon kwa heshima fulani, hata ile ya bei ya chini.

Sasa mchanganyiko wenyewe. Mfano ulio wazi ni Musar Jeune nyekundu: Cinsault, Syrah na Cabernet Sauvignon, bila mwaloni. Jeune ni Kifaransa, maana yake changa. Majina hayo yasikutishe dukani. Tamka "sanso", "sira" na "kabene sovinyo", utaeleweka. Kila zabibu ina kazi yake. Cinsault huleta harufu ya matunda mekundu na ulaini. Syrah huongeza rangi na ile pilipili manga niliyoinusa. Cabernet ndiyo mifupa: inaleta ukakasi unaoufanya mvinyo usimame wima mdomoni badala ya kutiririka kama sharubati. Watengenezaji wengine huongeza zabibu za Carignan au Grenache, na mantiki ni hiyo hiyo.

Na kuhusu mwaloni, watu wengi wanadhani mvinyo usiopitia pipa ni mvinyo uliokosa kitu. Ngoja nieleze pipa hufanya nini. Mbao za mwaloni huchomwa kwa ndani pipa linapoundwa, kisha huachia ndani ya mvinyo vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila, na eujenoli, ambayo ndiyo hasa inayoifanya karafuu inukie kama karafuu. Pia huongeza ukakasi wake lenyewe, na kupitisha hewa kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ni kazi nzuri kwa mvinyo uliojengwa kwa ajili hiyo. Mvinyo mkuu wa Château Musar hupitia mapipa na hutolewa sokoni takriban miaka saba baada ya mavuno. Lakini ukitaka kulijua tunda lenyewe na udongo uliolizaa, usilifukize. Kwa hiyo mtengenezaji huchachusha na kutuliza mvinyo kwenye matangi ya saruji au ya chuma cha pua, ambayo hayana harufu ya kuugawia. Saruji ina faida ya ziada: kuta zake nene hulifanya joto la ndani libadilike polepole.

Hatua ya 1: Soma lebo

Lebo nyingi za Lebanon zimeandikwa kwa Kifaransa. "Rouge" ni nyekundu. Geuza chupa, soma nyuma. Ukikuta "fûts de chêne" au neno "barrique", mvinyo huo umepitia mapipa ya mwaloni, urudishe kwenye rafu kama unatafuta ule mwingine. Ukikuta "sans bois", au "unoaked" kwa Kiingereza, umeupata. Lebo ikinyamaza kabisa, angalia maelezo ya ladha: yakitaja vanila, moshi, kahawa au mbao, kuna pipa humo.

Neno "réserve" lisikuvute kwa sababu linasikika la kifahari. Mara nyingi linaashiria mvinyo uliokaa kwenye pipa, na si kila siku unahitaji huo.

Hatua ya 2: Tazama mwaka, kisha tazama rafu

Mwaka ulio kwenye lebo ni mwaka wa mavuno. Mvinyo huu umetengenezwa unywewe mapema. Mimi huchagua ulio na umri wa mwaka mmoja hadi minne. Ukiwa na miaka minane, hata kama muuzaji anaupandisha bei kwa sababu ya uzee, uache. Matunda yatakuwa yamenyauka, na hakuna pipa lililouandaa kwa safari ndefu kiasi hicho.

Rafu ni muhimu kuliko mwaka. Chupa iliyosimama dirishani, jua likiipiga kila alasiri, imeshapikwa. Angalia kizibo kupitia karatasi ya shingoni: kikiwa kimejisukuma juu kidogo, au kuna mchirizi mkavu wa mvinyo chini ya karatasi hiyo, joto lilitanua mvinyo mpaka ukasukuma njia. Omba chupa iliyoko kwenye katoni stoo. Muuzaji mzuri hatakasirika.

Hatua ya 3: Ifikishe nyumbani, uilaze

Usiiache kwenye buti ya gari ukaenda kufanya mambo mengine. Gari lililofungwa juani Mombasa au Dar hupata joto ambalo zabibu ya Bekaa haijawahi kulijua.

Nyumbani, mahali pabaya kuliko pote ni juu ya friji, na ndipo watu wengi wanapoweka. Friji hutoa joto lake nyuma na juu, na hutetemeka. Tafuta uvunguni mwa kitanda au kabati la nguo lililo upande usiopigwa na jua. Ilaze ili kizibo kisikauke. Kama kizibo ni cha kuzungusha, hata ikisimama sawa. Na kama chumba chako hakishuki chini ya nyuzi 28, weka chupa kwenye friji tangu siku ya kwanza. Kwa wiki kadhaa haitadhurika.

Hatua ya 4: Poza, na usikimbilie

Hapa ndipo mvinyo huu hupona au hufa. Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwenye "joto la chumba" ulizaliwa kwenye nyumba za mawe za Ulaya, ambako chumba kilikuwa na nyuzi 16 au 18. Chumba cha Tanga mwezi wa pili kina nyuzi 31. Pombe hupanda puani kabla ya kitu kingine chochote, matunda yanasikika kama jamu iliyoungua, na mtu anahitimisha kwamba hapendi mvinyo mwekundu. Mimi naamini wengi wetu wa pwani tunaosema hivyo hatujawahi kuuonja ukiwa na joto lake sahihi.

Lengo lako ni nyuzi 14 hadi 16. Ukitumia friji, chupa iliyokuwa kwenye joto la pwani inahitaji muda wa saa mbili hivi. Ile iliyolala frijini tangu jana itoe dakika 30 hadi 40 kabla ya kumimina. Ukiwa na haraka, chukua ndoo, jaza barafu nusu, kisha ongeza maji mpaka yafike shingoni mwa chupa. Maji ni lazima. Barafu peke yake hugusa chupa sehemu chache tu na huacha mianya ya hewa, ilhali maji huikumbatia yote. Dakika 12 hadi 15 zinatosha. Usiiweke kwenye friza ukaisahau. Mvinyo hutanuka ukiganda na kusukuma kizibo nje, au kupasua chupa.

Umeme umekatika? Funga chupa kwa taulo lililolowa, iweke mbele ya upepo. Nairobi au Dodoma, kwenye hewa kavu, njia hii inafanya kazi vizuri. Zanzibar, kwenye hewa nzito ya unyevu, itakusaidia kidogo tu.

Huna kipimajoto? Shika tumbo la chupa kama yule mzee. Usikie ubaridi mara moja, lakini kiganja kisitamani kujiondoa. Ukizidisha baridi, harufu hujifungia na ukakasi hukaza meno. Hilo halina hasara: mimina, shika glasi kwa viganja viwili, ngoja dakika tano.

Hatua ya 5: Fungua bila vita

Tumia kizibuo cha wahudumu, kile kinachokunjwa, chenye kisu kidogo na mkono wa ngazi mbili. Kata karatasi chini ya ukingo wa pili wa shingo, si juu yake, ili mvinyo usipite kwenye karatasi unapomimina. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa.

Weka ncha ya kizibuo katikati ya kizibo, ikiwa imelala kidogo, kisha isimamishe unapoanza kuzungusha. Zungusha mkono wako, chupa itulie. Pindo moja la waya likibaki nje, simama hapo. Ukiendelea utatoboa chini na kuangusha vipande ndani. Weka ngazi ya kwanza ukingoni, shikilia kwa vidole vya mkono wa kushoto, inua taratibu mpaka kizibo kifike nusu. Hamia ngazi ya pili. Sehemu ya mwisho itoe kwa mkono, ukikitikisa kushoto na kulia. Mlio wa "po!" ni wa sherehe. Mezani kizibo kitoke kama mtu anayeshusha pumzi.

Kinuse. Kizibo chenyewe ni gome la aina moja ya mwaloni, kwa hiyo huo ndio mwaloni pekee uliougusa mvinyo huu. Kinapaswa kunukia mvinyo. Ukisikia gunia lenye ukungu au boksi lililolowa, na harufu hiyo hiyo iko kwenye glasi, chupa ina kasoro ya kizibo. Haidhuru afya, lakini hakuna dawa yake. Irudishe dukani.

Hatua ya 6: Mimina na uonje

Glasi yenye shina inafaa zaidi, kwa sababu unaishika bila kuipasha moto kwa mkono. Jaza theluthi moja, usizidishe. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, na mvinyo huu huwa na pombe ya karibu asilimia 13 au 14, kwa hiyo weka maji mezani, na dereva asiwe miongoni mwa wanywaji.

Mara nyingine harufu ya kwanza ni ya kiberiti kilichowashwa. Usiogope. Mvinyo uliokaa kwenye tangi lililofungwa bila hewa huwa hivyo. Zungusha glasi, au mimina chupa nzima kwenye jagi la kioo uiache dakika kumi, harufu itaondoka.

Onja kidogo, uache utembee ulimini. Umewahi kula zambarau nyingi mpaka ulimi ukawa wa rangi na mashavu yakanata? Huo ndio ukakasi, na kwenye mvinyo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, kama unavyotoka kwenye majani ya chai ya rangi iliyokaa sana. Hapa uwe mwepesi, zambarau mbili tatu, si sinia zima. Kisha tafuta uchachu: mate yanakujaa pembeni mwa ulimi, kama ukitaja ukwaju. Vikiwepo vyote viwili na tunda likasikika juu yao, umefungua chupa nzuri.

Hatua ya 7: Chakula

Pale mkahawani ulikwenda na kafta, ambayo sisi tungeiita mshikaki wa nyama ya kusaga, na kibbeh ya kukaanga, yaani madonge ya nyama na ngano, na hata saladi ya tabbouleh yenye ndimu nyingi, kwa sababu uchachu wa mvinyo hauogopi uchachu wa chakula. Nyumbani nauleta kwa nyama choma ya mbuzi na kachumbari. Na kwa pilau. Pilau ndiyo ilinifundisha thamani ya kukosa pipa: karafuu, mdalasini na bizari nyembamba vimeshajaa kwenye sahani, na mvinyo wa mwaloni huleta karafuu nyingine juu yake, chakula kikawa kizito. Huu mchanga huleta tunda tu na kuiachia pilau nafasi yake.

Samaki wa kuchoma, changu kwa mfano, anakubali kama umeupoza mpaka nyuzi 13 au 14. Pilipili kali ndiyo adui. Pombe huuongeza moto wa pilipili, na mdomo hausikii tena kitu. Pilipili ya kukaanga iweke kando, kila mtu ajipimie.

Hatua ya 8: Kilichobaki

Kizibo kirudi mahali pake, chupa irudi frijini. Kama umebaki chini ya nusu, uhamishie kwenye chupa ndogo safi, ujae mpaka juu, ili hewa isipate nafasi. Siku ya pili bado utakuwa mzuri. Siku ya tatu tunda limeanza kufifia, na kwa kuwa hapakuwa na pipa la kuulinda, hautadumu zaidi.

Basi siku ya tatu kaanga nyama ya ng'ombe na vitunguu mpaka iwe kahawia, mimina glasi nzima ya mvinyo, uache uchemke bila mfuniko mpaka harufu ya pombe iishe. Ongeza nyanya na maji, punguza moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu mchuzi utakuwa na rangi ya zambarau iliyoiva, na hutahitaji kukamulia ndimu.